Fahali Aliyeishiwa na Mori

Vumbi lililotimuliwa na kwato za ng'ombe wengi lina harufu yake, na likichanganyika na jasho la wanaume na majani mabichi yaliyopondwa, harufu hiyo hukaa puani siku nzima. Majani yenyewe yalikuwa ya bombwe, mmea utambaao juu ya vichaka, ambao wanaume wa kwetu walijifunga kichwani na kiunoni walipokwenda kufukuza kifo. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au ya sabuni ya kufulia. Sisi tuliokulia katika vilima vilivyo kati ya Rangwe na Asumbi, miaka ile ya tisini, tukianza kukumbuka kinachotujia kwanza ni harufu ya matanga. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Huruma tulipewa nyingi, na haikutulimia shamba.

Desturi hiyo ya kufukuza kifo, kwetu Wajaluo, huitwa tero buru. Mwanamume mwenye nyumba yake akifa, waombolezaji hukusanya ng'ombe wa majirani na kuwakimbiza hadi mpaka wa ukoo, ngoma na pembe zikilia, mikuki ikichoma hewa, watu wakimtukana adui ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kisha hurudi mbio mpaka boma la marehemu, wakikanyaga kila kitu kilicho njiani, hata mboga za wajane. Kifo hakitishwi na watu wanaotembea kama waendao kusaga mahindi. Ni lazima damu ichemke, macho yawe mekundu, na mtu mpole asahau upole wake kwa muda. Ng'ombe vilevile. Kundi lililo na fahali mkali huhesabiwa kuwa limemheshimu marehemu, na kundi lenye ng'ombe wanaosimama njiani kula majani huwa aibu ya ukoo mzima.

Neno la hali hiyo nililisikia kwa mara ya kwanza sokoni Ogwedhi, kule mpakani ambako Wajaluo, Wakuria na Wamaasai hukutana kuuziana mifugo. Mama alikuwa mzaliwa wa Uriri, karibu na huko, na ndiyo maana watu wa kwetu walimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri. Tulikuwa tumekwenda kuwasalimu wazazi wake, na Baba akapitia sokoni kutafuta dume la kulimia, kwa sababu maksai wetu mmoja alikuwa amekufa. Akampenda fahali mmoja wa rangi ya kahawia mwenye nundu nzito, aliyefungwa peke yake mbali na wenzake. Mwenye mali, mzee wa Kimaasai aliyekuwa akitafuna mswaki, hakumficha kitu. "Hii ng'ombe iko na mori," alimwambia Baba. "Ikisikia kelele inapanda. Ukienda na hiyo nyumbani, usikuje hapa kulia." Baba alicheka, akamzunguka fahali yule mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akamnunua. Njia nzima ya kurudi Mama alimuuliza kama alikuwa amekwenda kununua wa kulima au wa kupigana.

Tulimpa jina la Rabuor kwa sababu ya rangi yake. Nyumbani alikuwa mtulivu kuliko mbuzi. Alivuta plau pamoja na maksai wetu aliyebaki, akala chumvi viganjani mwangu, akaacha kuku wapande mgongoni. Tulianza kuamini kwamba mzee wa Ogwedhi alikuwa amemsingizia. Lakini siku alipofariki mzee mmoja wa kijiji cha pili, pembe ya kwanza ilipolia, Rabuor aliinua kichwa, pua zikafunguka, akachimba ardhi kwa kwato mpaka udongo ukaruka juu ya paa la jiko. Kamba ilikatika. Aliyekuwa mbele yake siku ile alikuwa Okoth, mdogo wake Baba, mpiga pembe wa ukoo wetu, mtu ambaye siku za kawaida aliongea kwa sauti ndogo hata ukafikiri anaumwa na koo. Okoth na Rabuor walikimbia pamoja mpaka mpakani kama waliolelewa zizi moja, na waliporudi watu walisema kwamba tangu enzi za babu zao hawajaona kifo kikifukuzwa vile. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mkuria wa Ntimaru aliyelipenda somo lake kupita kiasi. Alipotupa neno mori tulinyoosha mikono wote. Tulisema ni hasira. Akakataa. Hasira, alisema, ina sababu na ina mtu, unamkasirikia fulani kwa jambo fulani. Mori hauna anwani. Humpanda mtu vitani, ngomani, hata katika mchezo wa mpira, ukamfanya atende asichoweza kutenda akiwa na akili zake za kila siku, na ukishuka humwacha akishangaa mikono yake mwenyewe. Akatuambia tutunge sentensi. Karibu darasa zima liliandika kwamba ng'ombe wa baba yake Achieng' amepandwa na mori, na mimi niliye Achieng' nikaandika hivyohivyo. Mwalimu alisahihisha bila kuuliza ng'ombe huyo ni nani. Nadhani alikwisha kumwona akipita mbele ya shule.

Maana Rabuor sasa alikuwa akipita mara nyingi. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwepo jinsi watu walivyokufa miaka ile. Ugonjwa ulikuwa na jina, lakini vinywani mwetu haukuwa nalo. Wazee walisema ni chira, laana ya kukiuka miiko, na wengine walisema ni kurogwa, na wachache waliojua ukweli walinyamaza kwa sababu ukweli haukuwa na dawa. Walikufa walimu, wakafa wauza samaki wa Homa Bay waliorudishwa kwao wakiwa wepesi kama mashuka, wakafa wanaume waliokuwa wamemkimbiza Rabuor msiba uliopita. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Sijui waliizungumzia harusi gani. Sisi tuliimba tukiwa na sauti zilizokauka, tukapika uji kwa kuni zilizoombwa, tukalala tukijua kwamba Jumamosi kuna mwingine.

Na kila alipokufa mwanamume, walikuja kumwomba Rabuor. Fahali wa matanga hanyimwi mtu, hiyo ilikuwa sheria isiyoandikwa popote. Aliyenyima ng'ombe wake siku ya msiba wa jirani alijua kwamba siku yake ikifika atazika peke yake, na kwetu hakuna umaskini unaozidi huo. Basi Baba alimtoa. Alimtoa akiwa na afya, akamtoa akiwa na kidonda mguuni, akamtoa akiwa bado anatoa povu la jana. Mwanzoni Rabuor alirudi jioni akitetemeka na kwa siku mbili hakukubali kuguswa. Baadaye alirudi akilala tu. Mbavu zilianza kuhesabika. Wahenga husema ng'ombe haelemewi na nundu yake, lakini huyu alikuwa amebebeshwa nundu za watu wengine, na bandu bandu huisha gogo.

Mvua za masika zikaja. Majirani waliokuwa na nguvu walilima alfajiri, na harufu ya udongo mpya ikatujia kutoka mashamba ya wenzetu huku letu likiota magugu. Kila mara Baba alipofunga nira, Rabuor alivuta mistari michache, akapiga magoti kwenye tope. Mwaka uliotangulia mavuno yalikuwa haba, na ghala letu lilikuwa limebaki na mahindi ya mbegu na vumbi la wadudu. Mama aliliona lililokuwa likija. Jioni moja, tukila, alisema polepole kwamba mwezi wa nane watoto hawatakula heshima ya ukoo. Baba aliendelea kumega ugali, akaupeleka mdomoni, akaurudisha sahanini. Ndani ya nyumba ya pili, pale uani, Okoth alikuwa akikohoa. Alikuwa amerudi mwanzo wa mwaka kutoka migodi ya dhahabu ya Migori, alikokuwa amekwenda kutafuta kazi, akiwa na nguo zinazompwaya, na pembe yake ilining'inia ukutani bila kupulizwa, kwa sababu pumzi yake haikutosha tena hata kuzima kibatari. Sote tulijua. Msiba wa kwetu ulikuwa umekwisha kubisha hodi, na tulihitaji watu kuliko wakati wowote.

Ndipo akaja Mzee Odira. Alikuwa jirani yetu wa chini, kando ya kijito, na kijana wake wa kwanza alikuwa amefariki usiku uliopita. Alikuja asubuhi pamoja na wanaume wawili wa ukoo, wakasimama uani bila kukaa, kama wafanyavyo watu walio na haraka ya msiba. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda Asumbi kumtafutia Okoth dawa ya kikohozi. Mzee Odira alimsalimu Mama kwa heshima, akamwita Min Achieng', mama yake Achieng', akasema wamekuja kumchukua fahali. Mama alikuwa ameshika jembe la mkono. Alikuwa amekata shauri kulilima shamba lile mwenyewe, na tope lilikuwa limemfika magotini. Nilisimama karibu naye na mdogo wangu mgongoni.

"Mzee, nisamehe," Mama alisema. "Safari hii siwezi kumtoa. Ng'ombe amechoka. Na sisi tumechoka."

Hakupaza sauti. Mzee Odira alitazama zizini, ambako Rabuor alikuwa amelala mchana kweupe na nzi wamejaa machoni. Mmoja wa wale wanaume alianza kusema kwamba mwanamke hawezi kukataza ng'ombe wa boma, kwamba wangojee mwenyewe arudi. Mzee Odira akamgusa mkono. Akamwambia Mama kwamba amesikia. Waliondoka wakifuatana, na yule aliyenyamazishwa akasema bila kugeuka kwamba siku ya kila mtu ipo. Mama alirudi shambani. Alilima mpaka adhuhuri, na nilipompelekea maji nilimkuta akilia huku analima, machozi na jasho vikiteremka njia moja.

Baba aliporudi na kusikia, nilidhani mori utampanda yeye sasa. Hakupiga mtu wala kitu. Aliketi kwenye kizingiti, akavua viatu, akavigonga udongo muda mrefu, akasema tu, "Umetumaliza, Nyar Uriri." Mama akamjibu kwamba njaa ingetumaliza upesi zaidi. Walisema kweli wote wawili, na pengine ndiyo sababu hawakugombana. Kijana wa Mzee Odira alizikwa, wakamkimbizia ng'ombe waliopatikana. Tulikwenda matangani kama watu wote, Mama akabeba maji na kuni, na wanawake wakampisha kana kwamba ndoo yake inavuja. Kisimani maongezi yalikatika alipofika. Rabuor alipumzika, akanenepa kidogo, akalima. Shamba lilipandwa kwa kuchelewa lakini likapandwa. Kila niliponusa udongo ule uliogeuzwa nilifurahi, kisha nikasikia Okoth akikohoa na furaha ikanitoka.

Okoth alikufa mahindi yalipofika magotini. Alikuwa amemwomba Baba jambo moja tu, kwamba asizikwe kimya. Alisema amewafukuzia kifo watu wengi mno, naye afukuziwe chake. Baba aliahidi. Sijui aliahidi kwa kutegemea nini, maana tangu Mama amwambie Mzee Odira hapana, hakuna mwanamume wa kijiji cha chini aliyekuwa amekanyaga uani kwetu. Asubuhi ya tero buru Baba alivaa koti lake la pekee, akamfunga Rabuor bombwe shingoni, akasimama naye langoni. Mama alikuwa jikoni na hakutoka. Nilimwona akikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Aliogopa, nami niliogopa kwa ajili yake, kwamba leo atalaumiwa mbele ya maiti.

Wakaja. Wa kwanza kuonekana kwenye njia ya kijitoni alikuwa Mzee Odira, akiswaga ng'ombe wake wote, na nyuma yake wanaume wa kijiji cha chini na mifugo yao, hata yule aliyesema siku ya kila mtu ipo. Hawakuja wakikimbia. Walikuja taratibu, fimbo mabegani, nyuso zimeparara kwa kukesha matanga ya huku na huku. Mzee Odira alimpa Baba mkono, na bila kuulizwa akasema kwamba hakuna wa kumnunia mwenzake siku hizi, waliobaki ni wachache. Kisha akaomba maji ya kunywa, na Mama mwenyewe ndiye aliyemletea, akipiga goti, na mzee akayanywa yote.

Kijana mmoja aliitwaa pembe ya Okoth akaipuliza. Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilikuwa sauti ileile. Wote tuligeuka kumtazama Rabuor. Masikio yake yalitikisika. Aliinua kichwa, na kwa muda mfupi nilidhani udongo utaruka. Kisha akakishusha tena, akaanza kula nyasi za kando ya lango. Pembe ikalia tena, ngoma ikapigwa, mtu akampiga kiboko mgongoni, na ngozi ikatetemeka pale tu ilipochapwa, kama inapomfukuza nzi. Wanawake wazee walianza kunung'unika. Bibi mmoja akasema kifo kinatucheka. Yule mwenye kiboko alikiinua mara nyingine, na Baba akamshika mkono.

"Mwacheni," Baba alisema. "Mmeona mtu hapa aliye na mori? Mimi sina. Tutatembea."

Nilitazama nyuso zao nikingoja mmoja akatae. Wale walikuwa wanaume walioweza kuuchoma mti mkuki ukaingia hadi katikati. Hakuna aliyekataa. Walianza kutembea, Baba mbele akimwongoza Rabuor kwa kamba, Mzee Odira kando yake, na ng'ombe wote nyuma wakijitafutia majani. Hawakumtukana adui wala kurusha mikuki, na baada ya muda hata ngoma ilinyamaza kwa kuwa mpigaji aliona haina kazi. Walifika mpakani, wakasimama wakitazama upande wa pili, ambako pia moshi wa matanga ulikuwa ukipanda, wakarudi. Nilikuwa nimewafuata kwa mbali pamoja na wasichana wenzangu. Nililia njia nzima, si kwa sababu ya baba yangu mdogo tu, bali kwa kuona watu wazima wamechoka namna ile. Mtoto anaweza kuvumilia wakubwa wakikasirika, na hata wakilia, lakini akiwaona wamechoka huanza kujiuliza nani atabaki kumlinda.

Wazee wengine walisema baadaye kwamba kifo cha Okoth hakikufukuzwa, na kwamba ndiyo maana misiba haikukoma. Haikukoma, hilo ni kweli, lakini ilikuwa haijakoma hata ilipofukuzwa kwa mori wote duniani. Katika boma letu hatukulala njaa mwezi wa nane, na Mama alimtumia mke wa Mzee Odira kikapu cha mahindi ya kwanza. Hakuna aliyekuja tena kumwomba Rabuor. Alilima mpaka alipozeeka, akafa zizini kwa uzee wake, jambo ambalo miaka ile wanadamu wachache wa rika la Okoth walilipata.

Siku hizi nafundisha Kiswahili mjini Migori, na kila mwaka nalifikia neno lile. Wanafunzi wangu hunitungia sentensi kuhusu mashabiki wa mpira na wanasiasa. Nawapa alama zao. Dawa zilikuja, zikachelewa kwa wengi lakini zikaja, na katika vilima vyetu watu wameanza tena kufa kwa zamu, wazee kwanza. Mwaka jana alizikwa mzee mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa ameona vitukuu, na nikapanda kwenda matangani. Vijana walikuja na ng'ombe, na wengine na bodaboda, majani yamefungwa kwenye vioo vya pembeni, honi na pembe zikilia pamoja, vifua wazi, macho mekundu. Walipita mbele ya turubai la waombolezaji kwa kishindo hata viti vikaanguka, na fahali wao mweusi akapindua meza ya mchungaji. Watu walikimbia huku wakicheka. Mimi niliishika nguzo ya turubai.

Baba alikuwa ameketi karibu nami, mikono juu ya mkongojo, vumbi likimwingia machoni bila yeye kuyafumba. Mama, upande wake wa pili, alisema watoto hawa wamezidi, wataua mtu. Baba aliwatazama mpaka wakatokomea nyuma ya kilima, na sauti yao ikawa ndogo.

"Waache," alimwambia. "Wana nguvu kwa sababu hawajazika watu wengi."